Habari za huko juu?

Tulifika Valparaíso, mji wa bandari nchini Chile, katika mwezi wa saba wa safari yetu, tukiwa na ugonjwa ambao wasafiri wa siku nyingi wanaufahamu ingawa wachache huukiri: tulikuwa tumechoka kuona. Makanisa yalikuwa yameanza kufanana, makumbusho yote yalikuwa yananuka vumbi lile lile, na mzee wangu, yaani mume wangu, alikuwa amefikia hali ya kusimama mbele ya mnara wa kumbukumbu, akausoma ubao wake kwa uaminifu mpaka mwisho, kisha dakika tano baadaye asiweze kuniambia ulikuwa wa nani. Kwa hiyo, ndani ya basi lililotutoa Santiago, mji mkuu, safari ya takriban kilomita 115 inayopita kwenye mashamba ya mizabibu ya bonde la Casablanca, tuliwekeana sharti. Asubuhi zingekuwa zake na alasiri zingekuwa zangu, kila mmoja angechagua kitu kimoja tu kwa siku, na anayefuatana na mwenzake hangeruhusiwa kununa.

Kabla ya kustaafu, mzee wangu alikuwa karani wa shehena bandarini kwa miaka 31, na mimi nilifundisha Jiografia katika shule za sekondari kwa muda unaokaribia huo. Yeye akiiona bahari hutazama kilichoelea juu yake, kimebeba nini na kinamsubiri nani. Mimi nikiingia katika mji nisioujua, jambo la kwanza ni kutafuta mahali palipoinuka ili nione umekaaje.

Mji wenyewe ulikuwa umekwisha kugawanyika kwa namna hiyo kabla hatujafika. Iko Valparaíso ya chini, ukanda mwembamba wa ardhi tambarare ambao wenyeji huuita el plan, ambao sehemu yake kubwa ilipatikana kwa kufukia bahari, na hapo ndipo zilipo benki, masoko, ofisi za jeshi la majini na bandari. Halafu iko Valparaíso ya juu, vilima zaidi ya 40 vinavyoinuka ghafla kuizunguka ghuba kama majukwaa ya uwanja wa mpira, na huko ndiko wanakoishi wengi wa wakazi wake wapatao 300,000. Kila tuliyemwuliza njia alituonyesha kwa mkono kwamba tupande au tushuke. Hakuna aliyetaja kaskazini wala kusini.

Kinachoziunganisha Valparaíso hizo mbili, ukiacha ngazi zisizohesabika, ni zile ambazo wenyewe huziita ascensores. Nimejaribu kuzitafutia jina zuri la Kiswahili nikaishia kuziita lifti, ingawa karibu zote hazipandi wima kama lifti ya jengo. Ni vyumba viwili vidogo, kila kimoja juu ya reli zake ubavuni mwa kilima, vikiwa vimeunganishwa kwa waya wa chuma, hivi kwamba kimoja kinaposhuka uzito wake hukisaidia cha pili kupanda, na katikati ya njia vyote viwili hupishana. Ya kwanza, iitwayo Concepción, ilifunguliwa mwaka 1883, na katika siku zake nzuri mji ulikuwa na lifti zipatazo 30. Leo zinazofanya kazi ni chache, nyingine zimesimama zikingoja matengenezo, lakini zinazofanya kazi si mapambo ya watalii. Siku ya kwanza, tulipopanda na mabegi yetu katika lifti ya Reina Victoria kuelekea kilima cha Alegre, tulibanana na mama mwenye kifurushi cha vitunguu, kijana mwenye sare ya shule na mbwa ambaye hakuwa na mwenyewe lakini alijua kabisa anakokwenda. Alishuka juu kabla yetu sisi wote.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya mbao na udongo, ikiwa imevikwa mabati ya migongo kutoka msingini hadi darini na kupakwa rangi ya manjano kali. Nyumba nyingi za vilima hivyo zimevikwa hivyo, kwa sababu mabati huzuia mvua na hewa ya chumvi, na wenyeji husimulia kwamba zamani rangi zenyewe zilikuwa mabaki ya rangi za meli. Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja, na dirisha hilo lilikuwa na bandari nzima. Mzee aliweka begi chini, akasogeza pazia, akasimama pale mpaka nikamaliza kupanga nguo zetu sote wawili. Nje ya maji ya gati, alisema, iko meli nyeupe imetia nanga, nayo ni tupu.

“Umejuaje?”

“Tazama ilivyoinuka. Tumbo lote liko nje.”

Asubuhi yake ya kwanza, iliyokuwa Jumapili, alichagua boti. Kwenye gati la Prat wenye boti ndogo za mbao huwaita watu kwa sauti, huwavika majaketi ya kuokolea ya rangi ya machungwa, kisha huwazungusha bandarini kwa muda wa nusu saa hivi. Ukungu ulikuwa haujainuka bado. Maji ya pwani ile ni ya baridi kwa sababu ya mkondo wa Humboldt utokao kusini, na hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo hupoa na kugeuka wingu linalolala juu ya mji hata wakati wa kiangazi, kisha mara nyingi huyeyuka jua linapopanda. (Nguo tulizofua usiku ule zilikauka siku ya nne.) Katikati ya weupe huo simba wa bahari walikuwa wamelala juu ya boya, wamerundikana kama magunia, wakitoa harufu ambayo mwenye boti hakuitaja katika maelezo yake. Tulipita karibu na manowari za kijivu, tukapita chini ya makreni, na mzee akawa ananisomea kila kitu kama mtu aliyekutana na gazeti la lugha yake baada ya miezi mingi ugenini.

Ni yeye pia aliyenieleza, siku hiyo, kilichoupata mji ule. Tarehe nilizitafuta mimi baadaye. Meli iliyotoka Ulaya kwenda pwani ya magharibi ya Amerika ilikuwa haina budi kupita kusini kabisa, kwenye mlango bahari wa Magellan au kuizunguka Rasi ya Horn, na baada ya dhoruba za huko Valparaíso ilikuwa mahali pa kujaza maji, kurekebisha matanga na kuwalipa mabaharia. Dhahabu ilipogunduliwa California mwaka 1848 msongamano uliongezeka maradufu. Wafanyabiashara Waingereza, Wajerumani na Waitaliano walijenga nyumba zao vilimani, na gazeti la El Mercurio, lililoanzishwa hapo mwaka 1827, bado linachapishwa. Kisha tarehe 16 Agosti 1906 tetemeko kubwa la ardhi liliubomoa mji na kuua maelfu ya watu. Walijenga upya. Lakini mnamo Agosti 1914 Mfereji wa Panama ulifunguliwa, na meli hazikuwa tena na sababu ya kwenda kule kusini.

“Tetemeko haliui bandari,” alisema mzee huku akivua jaketi la kuokolea. “Njia ya mkato ndiyo inayoua.”

Karibu na gati hilo kuna uwanja wa Sotomayor na mnara wa mashujaa wa mapigano ya baharini ya Iquique, nao ulimgusa kuliko nilivyotazamia. Tarehe 21 Mei 1879 nahodha Arturo Prat wa Chile, akiwa na meli ya mbao iitwayo Esmeralda, alipambana na manowari ya chuma ya Peru, Huáscar, akauawa alipoirukia sitaha ya adui, na meli yake ikazama. Wachile huiadhimisha siku hiyo kila mwaka kama sikukuu ya taifa. Mzee aliusoma ubao mpaka mwisho, na jioni, nilipomjaribu, aliweza kunieleza habari yote.

Alasiri zangu hazikuanza vizuri. Jumapili nilimzungusha kwenye vichochoro vya vilima vya Alegre na Concepción, naye alifuata kwa adabu akitazama nyuma kila tulipofika pembeni panapoonekana maji. Jumatatu nilichagua nyumba ya mshairi Pablo Neruda, La Sebastiana, iliyo kwenye kilima cha Florida. Tulipanda kwa miguu, kwa ukaidi wangu, na tulipofika juu tukiwa tunahema tulikuta imefungwa. Siku ya Jumatatu haifunguliwi, jambo ambalo mwalimu mstaafu angepaswa kulitazama kabla ya kumpandisha mume wake mlima. Tulishukia upande wa Bellavista, mahali penye michoro mikubwa 20 ya ukutani iliyotokana na kazi ya wasanii wa Chile na wanafunzi wa sanaa, na ambayo tangu mwaka 1992 huitwa makumbusho ya wazi. Baadhi imefifia na kuchubuka, mingine imefunikwa na maandishi ya vijana wenye makopo ya rangi. Mimi niliipenda. Mzee alisema magoti yake hayakuipenda.

Jumanne tuligombana. Ningependa kuandika kwamba ulikuwa ugomvi wa maana, lakini ulihusu meli nyeupe. Ilikuwa bado imetia nanga pale pale, na yeye alitaka kwenda kutumia asubuhi nzima kwenye baraza la juu liitwalo Paseo 21 de Mayo, ambalo linatazama gati la makontena moja kwa moja, ili ajue inasubiri nini. Nilimwambia kwamba sharti letu lilikuwa kuona vitu, wala si kuangalia kitu kimoja siku tatu. Akajibu kwamba mimi nami nataka kurudi kwenye nyumba ambayo tayari nimekwisha kuiona mlango wake. Tukanyamaza kama watu wanavyonyamaza katika chumba chenye dirisha moja. Halafu akavaa kofia, akasema, “Basi mama, wewe nenda juu kwako, mimi nitakuwa chini,” na akaondoka. Baraza lenyewe liko juu, lakini nilimwelewa.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi saba kwa sisi wawili kutembea mji mbalimbali.

La Sebastiana ni nyumba nyembamba iliyopandishwa ghorofa juu ya ghorofa, na jina lake linatokana na Sebastián Collado, Mhispania aliyeanza kuijenga na kufariki kabla hajaimaliza. Neruda aliinunua pamoja na marafiki zake na kuizindua tarehe 18 Septemba 1961, yeye akichukua sehemu ya juu. Mgeni hupewa kifaa cha kusikilizia, haruhusiwi kupiga picha ndani, na kwa sababu hiyo hulazimika kutazama. Niliona farasi wa mbao aliyetolewa kwenye bembea la mzunguko, kiti chake alichokiita La Nube, yaani Wingu, na madirisha ambayo ghuba yote huingia kupitia humo. Mtu aliyefika mpaka Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel mwaka 1971 alikuwa amekusanya vikombe, ramani na takataka za baharini kama mtoto. Alifariki tarehe 23 Septemba 1973, siku 12 baada ya mapinduzi ya kijeshi ambayo yalianzia hapo hapo Valparaíso, jeshi la majini lilipoushika mji alfajiri, na nyumba hii ilivamiwa na kuporwa. Nilisimama muda mrefu kwenye dirisha la ghorofa ya juu. Bila kukusudia nilijikuta naitafuta ile meli nyeupe, na niliikuta.

Jioni nilishuka kwenye kituo cha chini cha Reina Victoria, nikamwona mzee amekaa ukingoni mwa njia, mikono magotini. Alininyanyulia uso na kuniuliza, nadhani kwa kutafuta suluhu, “Habari za huko juu?”

Tumesalimiana kwa neno hilo tangu tuoane. Katika miezi ile saba lilikuwa limebaki sauti tupu, kwani ni habari zipi utakazompa mtu aliyekula ulichokula na kuona ulichokiona, akiwa amesimama hatua moja kushoto kwako? Jioni ile nilikuwa nazo. Nilimweleza farasi, kiti, madirisha, na mwanafunzi mmoja aliyelia mbele ya meza ya kuandikia bila kuona haya. Naye alikuwa na zake. Barazani alikaa karibu na mzee wa huko, mwenye kofia ya kijani ya Santiago Wanderers, klabu ya mpira ya mji huo iliyoanzishwa mwaka 1892, ambaye ilionekana kwamba naye alifanya kazi bandarini. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Walihesabiana makontena kwa vidole, wakaonyeshana kwa ishara jinsi mikono ya kila mmoja ilivyoharibika, na mwisho yule mzee akaandika pembeni mwa gazeti neno moja: uvas. Zabibu. Meli nyeupe ilikuwa meli ya majokofu iliyosubiri matunda, kwani kiangazi cha Chile huangukia wakati wa baridi kwa wanunuzi wa kaskazini ya dunia, na wakati huo ndipo matunda yake hutafutwa.

Kuanzia siku hiyo tulibadili sharti. Tulikuwa tunaagana baada ya kifungua kinywa na kukutana jioni kituoni. Yeye alikwenda kwa treni ya pwani hadi Caleta Portales, wavuvi wanapouza samaki huku mwari na simba wa bahari wakigombania matumbo, na alipanda mabasi ya umeme yanayochukua nguvu zake kwenye nyaya za juu ya barabara. Machache yake yaliundwa Marekani tangu miaka ya 1940 na wakati huo yalikuwa bado yanabeba abiria. Aliniletea habari hizo zikiwa na harufu yake yote.

Mimi nilikwenda makaburini. Kwenye kilima kiitwacho Panteón kuna eneo la Wakatoliki, na kando yake eneo dogo la wale walioitwa wapinzani wa dini, maana yake Waprotestanti, ambao katika karne ya 19 hawakuruhusiwa kuzikwa pamoja na wengine, hivyo wageni wakajipatia ardhi yao. Mawe mengi yameandikwa Kiingereza na Kijerumani. Nilifanya nilichokuwa nikiwafanyisha wanafunzi wangu, nikaanza kuandika umri na mahali pa kuzaliwa, na baada ya safu mbili niliacha, kwa sababu wengi mno walikuwa vijana. Kutoka pale makaburini unaona ghuba iliyowaleta. Nilikaa zaidi ya saa mbili, na ningekuwa na mzee nisingekaa hata dakika 20, si kwa kosa lake bali kwa sababu ningekuwa nasikiliza magoti yake.

Njiani kurudi nilipita kwenye kituo cha zimamoto. Kikosi cha Valparaíso kiliundwa mwaka 1851, cha kwanza nchini Chile, na zimamoto wa nchi hiyo mpaka leo ni watu wa kujitolea wasiolipwa mshahara. Baadhi ya vikosi vidogo bado vinabeba majina ya jamii za wahamiaji walioviunda. Ukitazama vilima kwa jicho la Jiografia unaelewa hofu yao. Nyumba za mbao zimesongamana, makorongo yaliyo kati ya kilima na kilima hupeleka upepo juu kama bomba la moshi, vichochoro haviruhusu gari kubwa, na nyuma ya nyumba za mwisho kuna misitu ya mikalitusi. Mwezi Aprili 2014 moto ulioanzia huko juu uliteketeza nyumba zaidi ya 2,000 na kuua watu 15. Mama mwenye nyumba yetu, nilipomwuliza, alionyesha ndoo mbili zilizo mlangoni ambazo nilikuwa nikizidhania za kufulia.

Siku ya mwisho kamili tulitembea pamoja, kwa hiari, tukaenda kwenye lifti ya Polanco. Mama mmoja wa dukani alipojua tunakokwenda alivuta chini kope la jicho kwa kidole, ishara ya kutuambia tuwe macho, nasi tukaficha simu na kamera. Polanco ndiyo lifti ya kweli katika mji huo. Unaingia ubavuni mwa kilima kwa pango refu lenye taa hafifu na maji yanayodondoka, unatembea humo mita zipatazo 150, kisha chumba hukuinua wima ndani ya mwamba na kukutoa kwenye mnara, ambao umeunganishwa na kilima kwa daraja. Pangoni mzee alinishika mkono. Huko juu kila mmoja wetu alimwonyesha mwenzake mahali alipokuwa peke yake wiki ile: hiyo ndiyo Florida, hayo ndiyo makaburi, lile ndilo baraza, ile ndiyo reli ya kwenda Portales. Viña del Mar, mji wa ufukweni ambao kila mtu alituhimiza tusiukose, tuliuona kwa mbali tukaridhika.

Ijumaa niliamka nikakuta upande wake wa kitanda umepoa. Basi letu lilikuwa la saa tano. Nilimngoja mpaka saa nne kasoro, nikarudisha ufunguo, nikaburuta mabegi yote mawili hadi kituo cha juu na kuingia katika chumba cha lifti nikiwa nimekasirika ipasavyo. Chumba kilianza kushuka. Katikati ya kilima, mahali vyumba vinapopishana, nilimwona mzee wangu katika kile kinachopanda, kofia mkononi, amejibana dirishani miongoni mwa watu, akinipigia kelele neno ambalo kioo kililizuia. Kisha akapita kwenda juu nami nikapita kwenda chini.

Nilisubiri kwenye kituo cha chini na mabegi yangu mpaka chumba kiliposhuka tena na kumtoa, amelowa ukungu mabegani.

“Habari za huko chini?” nilimwuliza.

“Imefunga gati tangu alfajiri,” alisema, akalichukua begi lililo zito. “Wameanza kupakia. Basi lingine lipo saa nane.”

Tulikwenda kuitazama.